Fungu la Punje na Fungu la Mzizi

Hapana swali lililo la zamani zaidi katika maisha ya viumbe kuliko swali la mgawo. Kila kilicho hai hupata, na kila kipatacho hakina budi kugawa. Mzazi hugawa kati ya nafsi yake na watoto wake. Mtawala hugawa kati ya leo ya watu wake na kesho yao. Kijana hugawa siku zake kati ya kujifunza na kutenda. Wengi hudhani kuwa haki ya mgawo ni usawa, yaani kila mmoja apewe sawasawa na mwenzake. Wengine hudhani kuwa wema wa mgawo ni ukarimu, yaani atoaye vyote ni bora kuliko awekaye kidogo. Dhana hizi mbili ni nzuri kusikilizwa, lakini si kila kilicho kizuri sikioni huwa kweli mizanini. Mizani ya kuzipimia si lazima itafutwe mbali. Imo katika mmea ambao mavuno yake huliwa harusini na matangani, katika furaha na katika msiba. Mmea huo ni mpunga.

Ndundu, ukingoni mwa mto Rufiji, ni mahali penye sifa ya kuvukia. Kwa miaka mingi msafiri aliyekwenda Kilwa, Lindi au Mtwara alingoja kivuko hapo, na mto ulipofura safari yake ilikwisha kabla ya kuanza. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa, na tangu siku hizo magari hupita juu ya maji kwa dakika chache. Abiria apitaye huona mchanga, maji na majani mabichi; pengine hajui kuwa chini yake ni bonde ambalo watu wake wamejifunza kuishi kwa hesabu ya maji. Mto hukusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, na aghalabu hufura kati ya Machi na Mei. Mkulima hupanda mpunga mvua zianzapo, ili miche iwe na kimo kabla ya mafuriko kufika. Maji yakiisha kushuka, hupanda mahindi na mazao mengine katika unyevu uliosalia, na kilimo hicho huitwa mlao. Zamani jamaa nzima ilihamia bondeni kwa msimu, ikakaa katika madungu, ikaamia ndege na kufukuza nguruwe na nyani. Operesheni Rufiji ya mwaka 1968 ilipowahamishia watu kwenye ardhi iliyoinuka, njia ya kwenda shambani ikawa ndefu, lakini kazi ya bondeni haikukoma.

Mtoto aketiye dunguni na bibi yake ana nafasi njema ya kuuona mgawo wa mpunga tangu mwanzo hata mwisho. Wiki za kwanza huona majani tu. Haishangazi akiuliza, "Bibi, mbona mpunga huu una majani matupu? Punje zi wapi?" Wala haishangazi akijibiwa, "Ngoja, mjukuu wangu. Mpunga huu ungali wajijenga. Asiyejijenga atakupa nini?" Jibu hilo ni fupi, lakini elimu ya mimea imehitaji karne kadha kulifafanua.

Jambo la kwanza lililohitaji kujulikana ni mahali utokapo uzito wa mmea. Watu wa zamani walidhani kuwa mmea hula udongo kama mnyama alavyo nyasi. Tabibu mmoja wa nchi ya Flanders, Jan Baptist van Helmont, alipima udongo mkavu ratili 200, akautia katika chombo, akapanda mti wa ratili 5, akaunywesha maji kwa miaka 5. Mwisho wa muda huo mti ulikuwa na uzito wa ratili 169 na zaidi kidogo, na udongo ulikuwa umepungua kwa wakia 2 hivi. Habari hizi zilichapishwa mwaka 1648, baada ya yeye kufa. Alihukumu kuwa mti wote ulitokana na maji. Hukumu yake ilikuwa nusu ya kweli. Mwaka 1804 Nicolas-Théodore de Saussure wa Geneva alionyesha kwa vipimo kuwa mmea huchukua kaboni kutoka hewani, ukaiunganisha na maji. Katika kila kilo 100 za mmea uliokaushwa, karibu 40 ni kaboni, na kaboni hiyo ilikuwa hewa kabla ya kuwa bua, jani au punje. Hewa ya ukaa yenyewe ni haba mno: sehemu 4 hivi katika sehemu 10,000 za hewa yote. Basi shamba zito la mpunga ni kitu kilichochumwa kidogo kidogo kutoka katika uhaba mkubwa. Haba na haba hujaza kibaba, na hapana mahali ambapo methali hiyo ni kweli zaidi.

Maana ya ugunduzi huo ni kubwa. Kama uzito wa mmea hutoka hewani kwa kazi ya majani na nguvu ya jua, basi jani si pambo, wala si choyo cha mmea. Jani ni mtaji. Mche wa mpunga ukitoka ardhini una akiba ndogo ya wanga aliyowekewa na punje mama. Akiba hiyo ikiisha kabla ya jani la kwanza kupata jua, mche hufa. Kwa hiyo mapato ya siku za mwanzo hayapelekwi akibani; hurudishwa kazini. Sukari iliyotengenezwa na jani la kwanza hujenga jani la pili, na ya majani mawili hujenga la tatu. Fungu kubwa jingine hushuka chini kujenga mizizi. Katika mche mchanga mizizi huweza kuwa karibu sehemu moja ya tano ya uzito wote. Machipukizi hutokea ubavuni mwa shina, kila moja likiomba chakula kwa mama kabla halijaweza kujitegemea. Katika siku hizo, mtu mwenye njaa akiutazama mpunga, anaweza kusema kwamba mmea huu hutumia vyote kwa nafsi yake na hautoi kitu.

Siku hupita, na mgawo hugeuka bila ya tangazo. Mizizi, iliyopewa kwanza, sasa hupata fungu dogo zaidi kila wiki, hata mwisho wa msimu huwa karibu sehemu moja ya kumi tu ya mmea. Majani hukaribia kimo chake, na bua huanza kurefuka, pingili juu ya pingili. Hapo hutokea jambo la ajabu. Katika wiki zilizo karibu na kutoka kwa suke, majani huchuma zaidi kuliko matumizi ya mmea, na ziada hiyo hufichwa kuwa wanga na sukari ndani ya mabua na katika ala za majani. Kwa macho hapana kinachoonekana. Mpunga ubebapo mimba, kama wakulima wasemavyo, bua lake huwa ghala lililojaa na lililofungwa.

Kisha suke hutoka, maua hupevuka, na punje huanza kujaa. Mgawo wa tatu huingia, nao ni mkali. Karibu kila kinachotengenezwa na majani ya juu, hasa jani la mwisho lililo karibu na suke, hupelekwa punjeni. Lakini kinachotengenezwa siku hizo hakitoshi peke yake, basi ghala la bua hufunguliwa. Wanga huvunjwa kuwa sukari, sukari hupanda suke, na hapo hugeuzwa kuwa wanga tena. Aghalabu robo moja ya wanga wa punje, pengine chini au juu ya hapo, ni mali iliyowekwa kabla ya suke kutoka. Wataalamu waliweza kuifuata safari hiyo kwa kutumia kaboni 14, iliyogunduliwa na Martin Kamen na Sam Ruben mwaka 1940: jani hulishwa hewa yenye kaboni hiyo, na baadaye hutafutwa imefika wapi. Majani nayo hutoa zaidi ya kipato chake. Naitrojeni iliyomo katika mwili wa jani hung'olewa na kupelekwa juu, na zaidi ya nusu ya naitrojeni ya mmea mzima huishia punjeni. Jani hugeuka manjano. Rangi ambayo mtoto huiita ukavu ni alama ya mali inayohama.

Kwa siku 30 hivi kazi hiyo hutendeka, kisha punje hukauka na mmea hufa, au hubaki kisiki chenye nguvu ya kuchipua mara moja tena kwa udhaifu. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na aonaye punje ameona mwisho wa mgawo uliobadilika angalau mara tatu.

Fundisho la kwanza hujitokeza lenyewe. Kama mpunga ungegawa sawasawa kila siku, sehemu kwa mzizi, sehemu kwa jani, sehemu kwa punje, usingepata majani ya kuchuma, wala mizizi ya kunywa, na punje zake zingekuwa makapi. Usawa wa kila siku ungekuwa udhalimu wa msimu mzima. Aristotle wa Uyunani alifundisha kuwa haki ya ugawaji ni kwa kadiri, wala si kwa hesabu sawa. Mpunga huongeza neno moja juu ya fundisho hilo: kadiri yenyewe hubadilika kwa umri. Kinachostahili jani leo hakistahili jani baada ya siku 60. Kijana akaaye miaka mingi shuleni na chuoni, akila jasho la wazazi wake bila ya kurudisha hata kibaba, huenda akatukanwa kuwa ni mvivu. Lakini kama anajenga jani na mzizi, lawama hiyo si ya haki. Itakuwa ya haki siku ile suke litakapotoka, na yeye akaendelea kujenga majani.

Wala hilo si neno la mzaha. Mpunga uliolishwa mbolea ya naitrojeni kupita kiasi hufanya hivyo hasa. Hubaki kijani wakati wa kukomaa ukifika. Majani yake hukataa kuzeeka, wanga hubaki umefungwa buani, na punje nyingi hujaa nusu. Shamba lake huvutia macho na kuhuzunisha mizani. Katika wanadamu mfano wake si mgeni. Kuna mzee asiyetaka kumwachia kijana kazi, mwenye elimu asiyetaka kufundisha, na tajiri aliyejaza ghala hata panya wakawa warithi wake. Kuzeeka kwa wakati wake ni sehemu ya kazi ya uhai.

Lakini hapa yafaa kusimama, maana njia ya mifano ina utelezi. Mwanafalsafa wa Uskochi, David Hume, alionya katika kitabu chake cha mwaka 1739 na 1740 kuwa haifai mtu kutoka katika maneno ya mambo yalivyo, akajikuta ghafla katika maneno ya mambo yapaswavyo kuwa, bila ya kuonyesha daraja aliyovukia. Mpunga hauna hiari. Haujitolei kwa punje kama mama ajitoleavyo kwa mtoto. Hufuata mpango uliojengwa katika mbegu zake kwa vizazi visivyohesabika. Hapana sifa mahali pasipo na hiari, na hapana adili mahali pasipo na sifa. Mtu asemaye, "Mpunga hufa kwa ajili ya punje, basi nawe ufe kwa ajili ya wengine," amevuka mto bila ya daraja na bila ya kivuko.

Tena kuna hatari ya pili, iliyo kubwa kuliko ya kwanza. Mifano ya kujitoa aghalabu husemwa na mlaji. Historia ya Roma husimulia kuwa mwaka 494 kabla ya Kristo watu wa chini waliutoka mji kwa hasira, na Menenius Agrippa akatumwa kuwatuliza kwa hekaya ya tumbo na viungo: viungo viliona tumbo halifanyi kazi, vikagoma kulilisha, na vyote vikadhoofika. Hekaya hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini aliyeisema alitumwa na upande wa tumbo. Vivyo hivyo mtu alaye wali anaweza kulisifu bua kwa kujimwaga lote suke lipate kujaa. Bua halikuulizwa. Nchi ya Rufiji na jirani zake ina kumbukumbu ya uchungu juu ya jambo hili. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilianza katika vilima vya Matumbi, kusini mwa mto huu, kwa kung'olewa mipamba ambayo serikali ya Wajerumani iliwalazimisha watu kuilima. Watu hawakuwa adui wa kazi wala wa mmea. Walikataa mgawo uliopangwa na mwingine, ambao kazi yake ilikuwa yao na punje yake ilikuwa ya mgeni. Baada ya vita, mashamba na maghala yaliyochomwa yalileta njaa iliyoua watu wengi mno.

Basi kama mpunga hauamrishi, una faida gani kwa mtu atafutaye haki? Faida yake si ya hakimu, ni ya shahidi. Hausemi mtu atende nini. Huonyesha kuwa vipimo ambavyo watu huvitumia kuhukumu mgawo ni vyembamba kuliko mambo yenyewe. Mfano ulio wazi kuliko yote ni kipimo cha mavuno.

Mwaka 1962 mtaalamu wa Australia, C. M. Donald, alitoa jina kwa hesabu ambayo leo hutumika duniani kote: uzito wa punje ukigawanywa kwa uzito wote wa mmea ulio juu ya ardhi. Mpunga mrefu wa kale wa nchi za joto hutoa punje kilo 3 hivi katika kilo 10; zilizosalia ni mabua na majani. Mwaka 1966 chuo cha utafiti wa mpunga kilichoko Los Baños, nchini Ufilipino, kilitoa mbegu ya IR8, mtoto wa Peta, mpunga mrefu wa Indonesia, na Dee-geo-woo-gen, mpunga mfupi wa Taiwan. Mbegu hiyo ilikaribia kilo 5 katika kilo 10. Tena bua lake fupi liliweza kubeba suke zito bila ya kulala chini, hata lilipotiwa mbolea. Katika ngano, kazi ya namna hiyo ilimpatia Norman Borlaug Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1970. Tanzania nayo ilipata mbegu fupi zake. Iliyoenea sana ni TXD 306, ambayo wakulima huiita SARO 5. Hata hivyo, mpunga mrefu uitwao Supa haujaacha kupendwa kwa harufu yake na ladha yake.

Kinachostahili kuangaliwa ni kuwa ushindi huo, kwa sehemu kubwa, haukuwa wa kuchuma zaidi hewani. Ulikuwa wa kugawa upya. Mmea ulinyang'anywa urefu ukapewa punje. Mamilioni ya watu walishiba kwa sababu ya mgawo huo, na asiyejua njaa asiudharau. Lakini hesabu ya Donald ni hesabu ya mlaji. Hulihesabu bua kuwa hasara. Haiwezi kuuhesabu mzizi, kwa kuwa hutazama vilivyo juu ya ardhi tu. Haihesabu kaboni itumikayo kupumua, ambayo ni theluthi hata nusu ya yote yaliyochumwa, na bila yake hapana seli ambayo ingekuwa hai kujenga chochote. Haihesabu kile mmea uupao udongo. Nafaka hushusha ardhini karibu sehemu 20 hadi 30 katika kila 100 za kaboni zilizochuma, na si yote hubaki kuwa mzizi. Nyingine hutoka nje na kulisha viumbe wadogo wasioonekana, ambao kwa kazi yao udongo hubaki udongo. Matumizi ambayo kipimo hayaoni si lazima yawe upotevu. Katika nchi pia kuna kazi zilizo mfano wa mzizi: kulea mtoto, kumwuguza mzee, kutunza chemchemi, kuhifadhi lugha. Hazimo katika hesabu ya mavuno, na mavuno yote yamesimama juu yake.

Bonde la Ndundu huongeza shahidi mwingine, naye ni maji. Mpunga mfupi ni mshindi mahali ambapo maji hutii mfereji. Mahali ambapo mto huja kwa hiari yake, urefu ambao kipimo huuita hasara huwa uhai. Mmea ukifunikwa maji hukosa hewa, na una njia mbili za kujiokoa. Njia ya kwanza ni kukimbia. Mpunga wa maji marefu hufungua ghala lake mara moja, hutumia sukari yote kurefusha bua, na huweza kupanda zaidi ya sentimeta 20 kwa siku hata utoe kichwa nje. Wataalamu wa Japani walizitangaza jeni za tabia hiyo mwaka 2009. Njia ya pili ni kungoja. Mpunga wa kale wa India uitwao FR13A, ukifunikwa, huacha kukua, hufunga ghala, hutumia kidogo mno, na huweza kukaa chini ya maji kwa muda wa wiki mbili hivi kisha ukaamka. Jeni ya subira hiyo, SUB1A, ilijulikana mwaka 2006.

Nani mwenye busara kati ya hao wawili, mwenye mbio au mwenye subira? Swali hili halijibiki mpaka ijulikane habari ya maji. Mafuriko yakiwa ya miezi, mwenye subira hufa akiwa na akiba mkononi. Yakiwa ya siku kumi, mwenye mbio hujikuta juu ya matope, bua lake refu limelala, na ghala lake tupu. Haraka haina baraka, watu husema. Lakini wao hao husema pia kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali hizi hazipingani. Kila moja ni mbegu ya maji yake. Adili isiyouliza hatari iliyopo ni nini huweza kumwua mtu kwa neno jema.

Na hatari ya Rufiji siku hizi imebadilika sura. Juu ya mto, mahali palipoitwa Stiegler's Gorge, pamejengwa Bwawa la Julius Nyerere. Lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mtambo wake wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024. Nchi ilihitaji umeme, na haja hiyo si ndogo. Lakini bwawa hushika maji, na hushika pia matope yenye rutuba ambayo mafuriko yalikuwa yakiyatandaza bondeni bila ya bei. Mwaka huo huo wa 2024 mvua kubwa zilileta mafuriko yaliyofunika mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti. Mkulima wa leo anatakiwa kuchagua mbegu ya mto ambao tabia yake haifanani tena na ile aliyoirithi katika masimulizi ya wazee. Achague fupi yenye punje nyingi, au ndefu yenye kustahimili? Hapo mgawo wa kaboni si habari ya vitabuni. Ni ugali au wali wa mwaka ujao, karo ya mtoto, na deni la duka.

Baada ya mavuno, mgawo hutoka mikononi mwa mmea ukaingia mikononi mwa mtu, na hapo ndipo hiari huingia. Mpunga umejaza punje kwa ajili ya mche ujao. Mtu huzikuta punje akaziita chakula. Kwa mmea punje ni mtoto, kwa mtu ni riziki. Kila nyumba ya mkulima hukutana na swali lile lile: kiasi gani kiliwe, kiasi gani kiuzwe, kiasi gani kiwe mbegu? Mwaka wa neema swali hilo ni jepesi. Mwaka wa njaa ni jaribu. Mama aliye na watoto wanaolia na kapu la mbegu juu ya dari amesimama mahali ambapo wanafalsafa wachache wamepata kusimama. Akila mbegu, ameokoa leo na kuiua kesho. Akiitunza, pengine kesho itakuja imkose mtoto. Akiba haiozi, lakini hawekewi akiba aliyekwisha kufa. Hapana mtu alalaye tumbo limejaa awezaye kumhukumu mama huyo. Inayostahili kuhukumiwa ni jamii iliyomwacha afike mahali hapo peke yake, hali maghala ya wengine yamejaa.

Kuna mpunga mwingine ambao haukuingia katika mkataba huu. Mpunga mwitu wa Afrika, ambao wataalamu huuita Oryza longistaminata, hukaa katika mabonde na mabwawa ya nchi hizi, na mkulima huuona kuwa magugu. Punje zake ni chache, na hupukutika kabla ya kuvunwa. Fungu kubwa la mapato yake hulishusha chini, katika mashina yatambaayo ardhini, ili uishi mwaka hata mwaka. Kwa kipimo cha mavuno mmea huu ni bakhili. Lakini wataalamu wa China waliuzalisha na mpunga wa shambani, wakapata mpunga wa kudumu uitwao PR23, ulioruhusiwa kwa wakulima mwaka 2018 na ulioweza kuvunwa mara nane katika miaka minne bila ya kupandwa upya. Aliyedharauliwa kwa kuweka kingi chini ndiye aliyemfundisha msifiwa namna ya kuishi. Somo hilo halisemi kuwa bakhili ni bora kuliko karimu. Lasema kuwa, kabla ya kumwita mtu bakhili, yapasa kuangalia anachokiweka amekiweka kwa ajili ya nini, na kitamfaa nani.

Basi dhana zile mbili za mwanzo zimepimwa. Usawa wa kila siku si haki, kwa kuwa haujui umri. Ukarimu wa kutoa vyote si wema siku zote, kwa kuwa haujui hatari, na mara nyingi husifiwa na apokeaye. Mgawo wa haki huwataka mashahidi watatu: wakati, ili ijulikane kama ni siku ya jani au siku ya punje, hatari, ili ijulikane akiba gani yafaa kubaki buani na mzizini, na yule atoaye, aulizwe kama ameridhika. Shahidi huyu wa tatu hamo katika mpunga, kwa maana mpunga hausemi. Yumo kwa mwanadamu tu, na kwa hiyo haki ni kazi ya mwanadamu, haiwezi kuachiwa majani.

Mavuno yakiisha Ndundu, masuke yakiisha kukatwa na kupelekwa nyumbani, mabua hubaki bondeni, mepesi na ya manjano. Mpita njia huyaona kuwa takataka. Lakini mvua zitayaozesha, udongo utakula sehemu yake, na sehemu nyingine itarudi hewani ilikotoka, ingoje jani jingine. Mjukuu aliyeuliza punje zi wapi sasa ameshiba. Hajauliza bado bua limebaki na nini. Siku atakapouliza, atakuwa ameanza kukomaa.